Mchango wa Ushirikiano wa Walimu katika Shule za Msingi za Bujumbura Baada ya 2005

Agosti 2005, Rais Pierre Nkurunziza alipoapishwa, alitangaza kwamba elimu ya msingi Burundi itakuwa bila karo. Wanahistoria wengi huieleza hatua hiyo kwa upande wa serikali na wanafunzi. Katika insha hii nataka kuwatazama walimu, maana ndio waliopokea mzigo. Hoja yangu ni kwamba tangazo lilifungua milango ya shule, lakini ushirikiano wa walimu ndio uliozuia shule zisielemewe kabisa.

Nimekulia Nyakabiga, na mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Watoto walifurika, madarasa yakapita wanafunzi mia, na chumba kimoja kikatumiwa kwa zamu, kundi moja asubuhi na jingine mchana. Katika miaka hiyo hiyo Kiswahili na Kiingereza viliingizwa katika shule za msingi, pamoja na Kirundi na Kifaransa. Mama alikuwa amesomea kufundisha kwa Kirundi na Kifaransa tu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni.

Aliyemwokoa ni mwenzake aliyekulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili, kisha akahamia Kamenge. Alimwambia, "Dada, nipe hesabu zako, nami nikupe Kiswahili changu." Kila Jumamosi walikaa kwetu wakiandaa masomo ya wiki na kusahihisha madaftari pamoja.

Jambo hili si dogo. Vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993, viliigawa mitaa ya Bujumbura kikabila. Kwa miaka kadhaa, mtu wa Kamenge kuingia Nyakabiga, au wa Nyakabiga kwenda Kamenge, ilikuwa kuhatarisha maisha. Mabaraza ya upatanisho yalikuwa na kazi yake, lakini mimi niliona upatanisho mezani kwetu, kati ya watu wawili waliohitajiana kikazi.

Baadaye njia hiyo ilipata mfano wake rasmi. Mpango wa IFADEM, ulioanzishwa na mashirika ya nchi zinazotumia Kifaransa, uliichagua Burundi miongoni mwa nchi nne za majaribio, pamoja na Benin, Haiti na Madagaska. Walimu walijisomea vijitabu wakiwa kazini, kisha wakakutana kwa makundi chini ya mkufunzi.

Hata hivyo, tusiugeuze ushirikiano kuwa kisingizio. Haukuongeza mishahara wala vyumba vya madarasa. Ndiyo maana walimu hao hao walijiunga na vyama kama STEB kudai haki zao. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini hata vidole vitano huhitaji kula.

Kwa hiyo, anayeandika historia ya elimu Burundi asiishie kwenye maamrisho ya serikali. Aulize pia nani alimsaidia nani kuandaa somo la Jumatatu.