Makombo Juu ya Theluji: Jinsi Waingereza Walivyoanza Kulisha Ndege

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1890, watu wa London walizoea kusimama kwenye madaraja ya mto Thames wakiwapiga risasi shakwe ambao baridi ilikuwa imewasukuma kutoka pwani hadi mjini. W. H. Hudson, mwandishi mzaliwa wa Argentina aliyehamia jijini humo, aliandika katika kitabu chake cha 1898 jinsi mchezo huo ulivyokomeshwa, na jinsi madaraja yaleyale yalivyopata wageni wa namna nyingine. Ikifika saa ya chakula cha mchana, vibarua na vijana wa kazi waliteremka mtoni wakiwa na mabaki ya mlo wao, wakawarushia shakwe.

Ninaanza na vibarua hawa makusudi. Historia ya kulisha ndege husimuliwa mno kama burudani ya wenye bustani, ilhali miongoni mwa walioianza London walikuwamo watu ambao mkate wao wenyewe haukuwatosha.

Baridi ya 1890–91 ndiyo iliyoamsha huruma hiyo nchini kote, kwani magazeti yaliwasihi wasomaji wawatolee ndege makombo nje. Haja ilikuwa kubwa. Usiku wa Desemba huko hufikia saa kumi na sita, na ndege mdogo asiyehama huuvuka kwa mafuta kidogo aliyojiwekea mwilini. Kukipambazuka ana saa chache tu za kuijaza tena akiba hiyo. Theluji ikiwa imefunika ardhi, hana pa kudonoa, na usiku wa pili hauoni mwisho wake.

Waingereza hawakuwa wa kwanza. Wakulima wa Norway na Sweden walikuwa tangu zamani wakiwatundikia ndege mganda wa nafaka wakati wa Krismasi. Ujerumani, Baron Hans von Berlepsch wa Seebach aliyeyusha mafuta ya wanyama, akayachanganya na mbegu na kuyamimina juu ya matawi ya misonobari, yagande hapo yawe chakula cha siku nyingi. Lakini Uingereza ndiko desturi hii ilikoenea hadi nyumba za kawaida. Huruma kwa ndege ilikuwa imekwisha kupata chama pia: mwaka 1889 Emily Williamson alikuwa ameanzisha huko Manchester chama cha kupinga kuuawa kwa ndege kwa ajili ya manyoya ya kupambia kofia, chama kilichokua kikawa RSPB ya leo. Kufikia 1910 jarida la Punch lilikuwa likiitaja kazi ya kulisha ndege kuwa burudani ya taifa zima. Vita Kuu ya Pili iliibana: tangu 1940 ilikuwa kosa la jinai kupoteza chakula kinachofaa kuliwa na binadamu, na mkate uliotupiwa ndege ulihesabiwa humo.

Kisha ikaja baridi ya 1962–63, iliyoshika tangu Krismasi hadi Machi na kuwaangamiza ndege wadogo kwa wingi wa kutisha. Swali la ni nani amebaki likawa zito, na waliokuwa wakitazama kutoka madirishani wakaanza kuandika. Kuanzia msimu wa 1970–71, shirika la utafiti wa ndege la BTO liliwaomba wenye nyumba waorodheshe kila wiki ndege waliofika kwenye malisho yao. Mwaka 1979 RSPB na kipindi cha watoto cha Blue Peter cha BBC waliwaalika watoto kuhesabu ndege wikendi moja ya Januari. Utaratibu wake ni rahisi: unakaa saa moja, na kwa kila aina unaandika idadi kubwa zaidi uliyoiona kwa mara moja, ili ndege mmoja anayekwenda na kurudi asihesabiwe mara tano. Kanada nayo ilianza hesabu kama hiyo katika jimbo la Ontario mwaka 1976, na 1987 ikaenea Amerika Kaskazini kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Cornell.

Wakati huohuo makombo yalikuwa yakigeuka biashara. Mwaka 1969 Mmarekani Peter Kilham alitengeneza mrija wa plastiki wenye vitundu na vijiti vya kutulia, na ndege wadogo wakapata mahali pa kulia pasipo na msongamano wa meza ya kulishia. Mbegu moja inayopendwa sana hutoka jirani yetu. Ni nuug, ile mbegu nyeusi nyembamba ambayo Waethiopia huikamua mafuta tangu kale. Ikielekea Marekani hupashwa moto kwanza, ili mbegu za magugu zilizochanganyika nayo zisiote.

Daftari za nyumbani zikaonyesha jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: chakula kilikuwa kikiwabadilisha walaji. Chiriku mwenye uso mwekundu, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 alionekana katika malisho machache tu, sasa yuko karibu kila mahali Uingereza. La ajabu zaidi ni la ndege mdogo wa kijivu, Sylvia atricapilla, ambaye dume lake lina utosi mweusi. Wale wa Ulaya ya kati walizoea kuhamia kusini-magharibi, lakini tangu miaka ya 1960 baadhi yao wanaelekea Uingereza, ambako bustani zina chakula. Mjerumani Peter Berthold na wenzake walithibitisha mwaka 1992 kwamba makinda huurithi mwelekeo huo kutoka kwa wazazi. Jamaa zao wa Ulaya mashariki bado huvuka jangwa kuja Afrika, na wengine hufika nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania.

Ukarimu huu una gharama, na anayewapenda ndege hawezi kuinyamazia. Tangu 2005 ugonjwa wa koo unaoletwa na kimelea cha Trichomonas umewaua chiriku wa kijani wa Uingereza kwa wingi, ukienezwa kwa mate yanayobaki kwenye chakula na maji wanayochangia. Mwaka 2021 ndege huyo aliingizwa kwenye orodha nyekundu ya ndege walio hatarini nchini humo. Waliotoa taarifa za vifo hivyo ni watazamaji walewale wa madirishani, na sasa wanaombwa waoshe vyombo vya kulishia kila wiki, wavihamishe mara kwa mara, na waviondoe kabisa kwa muda mara wamwonapo ndege aliyejikunyata, anayeshindwa kumeza.