Vuli, michezo ya hesabu ya (Kwale)

Michezo ya hesabu ya vuli ni michezo ya watoto wadogo wa pwani ya kusini ya Kenya, tangu Diani hata Msambweni, ambayo kwayo mtoto huzoea idadi, mafungu na vipimo kabla hajazijua tarakimu. Vuli ya huku si majira ya kupukutika majani, kama yalivyo Ulaya, bali ni mvua za baina ya Oktoba na Disemba, kusi ikiwa imelegea na kaskazi haijashika, wakati ambapo miembe na mikanju huanza kuzaa na mtoto hapungukiwi na vitu vya kuhesabu.

Mdako. Huchimbwa kishimo mchangani, zikatiwa humo komwe 12. Mchezaji hurusha kijiwe juu na, kabla hajakidaka, huzikumba komwe nje, kisha kwa mrusho wa pili huzirudisha zote ila moja, hata shimo liwe tupu. Duru ya pili huziacha mbili mbili, ya tatu tatu tatu, ya nne nne nne, na hesabu hutimia. Bali afikapo tano tano husalia mbili zisizo na fungu, na hapo ameijua baki ya mgawanyo pasipo kuitajiwa jina. Akikosea hana wa kumsetiri, kwani macho ya wenziwe yako shimoni.

Vibaba. Kwa vifuu vya nazi na mchanga uliolowa, watoto huigiza duka: vibaba viwili ni kisaga, na visaga viwili ni pishi.

Bao la kujifunza. Mashimo ni 32, na kila moja hutiwa kete mbili, jumla 64. Mtoto huzitawanya moja moja, na mkono hujifunza kwamba kila shimo lina haki yake.

Shuleni. Elimu ya chekechea, ambayo Katiba ya 2010 iliikabidhi kwa kaunti, yaweza kuitumia michezo hii bila gharama. Zikihesabiwa korosho mbichi, zisivunjwe wala kutiwa kinywani, kwa kuwa maganda yake yana mafuta yaunguzayo ngozi. Mwalimu na asikilize jambo moja: mtoto aliyekwisha kuzihesabu korosho saba, akiulizwa ni ngapi, huenda akaanza tena moja, mbili, tatu, kwa kuwa maneno anayo na idadi hana; siku atakayojibu “saba” bila kuzigusa, ndipo amejua kuhesabu.