Hekalu la Uthiramerur na Kura ya Mtungi

Mtu anaposikia habari za mahekalu ya kale ya Kihindu, fikira zake aghalabu huenda kwenye majengo ya wafalme, kama lile hekalu la Thanjavur lililomalizwa mwaka 1010, ambalo mnara wake unakaribia mita 60 kwenda juu. Majengo hayo yanastahili sifa zake. Lakini mfalme hujenga ili jina lake lisisahauliwe, na kuta zake husema habari za mfalme kuliko za raia. Atakaye kujua jinsi wanakijiji walivyogawana maji, walivyotozana kodi na walivyowakomesha walaji wa mali ya umma, yampasa aende kwenye hekalu la kijiji. Katika nchi ya Watamili, kusini ya Bara Hindi, iko Uthiramerur, ambako kuta za hekalu zimehifadhi habari hizo kwa muda wa miaka zaidi ya 1,100.

Uthiramerur iko katika wilaya ya Kanchipuram, umbali wa kilomita 90 hivi kutoka Chennai. Asili yake ni karne ya 8, zama za mfalme Nandivarman wa Pili wa ukoo wa Pallava, wakati Mabrahmani walipopewa ardhi mahali hapo wakae, wasome Veda na kuendesha ibada. Kijiji cha namna hiyo kilikuwa na baraza lake lililoitwa sabha, na madaraka yake hayakuwa madogo. Baraza lilipima mashamba, lilikusanya kodi, lilishika amana za hekalu, na lilitunza ziwa la kuchimbwa lililonywesha mashamba ya mpunga. Nguvu za Pallava zilipokwisha mwishoni mwa karne ya 9, Wachola waliishika nchi, wala baraza halikuvunjwa. Utawala mpya ulilikuta likifanya kazi, ukaona faida ya kuliacha liendelee.

Hekalu kubwa la mahali hapo ni la Sundaravarada Perumal. Perumal ndilo jina ambalo Watamili humwitia Vishnu. Msomaji wa pwani yetu aliyezoea mahekalu ya Mombasa na Unguja, ambayo mengi yake yalijengwa na watu waliotoka Gujarati na Kachi, akifika huku atajiona mgeni, kwa maana ujenzi wa kusini una tabia yake. Paa la chumba kitakatifu halichomozi kama mkuki, bali hupanda ngazi kwa ngazi, kila tabaka likiwa jembamba kuliko lililo chini yake. Msingi wa hekalu hili ni wa mawe ya itale, na sehemu ya juu ni ya matofali yaliyopigwa lipu, ambayo mafundi waliifinyanga kwa sanamu na mapambo. Ajabu yake hasa imo katika matabaka matatu yanayopandika, kila moja na chumba chake cha ibada: katika tabaka la chini Vishnu amesimama, katika la pili ameketi, na katika la tatu amelala juu ya joka. Waja wanaokwea ngazi kutoka chini hata juu huonana na mungu mmoja katika hali tatu, na fundi aliyebuni jambo hilo aliifanya ngazi kuwa sehemu ya ibada.

Hata hivyo, jengo lililoipa Uthiramerur sifa katika vitabu vya historia ni jingine, nalo ni dogo na halina madaha. Ni hekalu la Vaikuntha Perumal. Hapo zamani lilikuwa ukumbi wa baraza la kijiji, jengo la mstatili juu ya jukwaa la mawe. Atakayelitazama kwa haraka hataona la kumshangaza. Lakini akisogea karibu ataona kuwa mawe ya ukuta yamejaa maandishi, mstari chini ya mstari, yaliyokatwa kwa patasi. Majani ya mvumo, ambayo Watamili waliandikia mambo ya kila siku, huliwa na mchwa, na mtu mwenye hila aweza kuyabadilisha usiku mmoja. Jiwe haliliwi na mchwa, na asiyejua kusoma aweza kusomewa na mwenziwe palepale, mbele ya watu wote.

Maandishi mashuhuri kuliko yote ni mawili, nayo ni ya zama za mfalme Parantaka wa Kwanza wa Wachola: moja la mwaka 919 na jingine la mwaka 921. Yote mawili yaeleza jinsi ya kupata wajumbe wa kamati za kijiji. Kule kuwapo kwa mawili katika miaka miwili ni habari peke yake: utaratibu wa kwanza haukutosha, baraza likakaa tena, mjumbe wa mfalme akihudhuria, likatengeneza upya sheria yake. Kwa mfano, umri wa mjumbe uliokuwa kati ya miaka 30 na 60 uligeuzwa kuwa kati ya 35 na 70.

Kijiji kiligawanywa katika mitaa 30. Katika kila mtaa yaliandikwa majina ya wanaofaa, kila jina juu ya kipande chake cha jani la mvumo. Vipande vya kila mtaa vilifungwa pamoja, na vifurushi vyote 30 vikatiwa katika mtungi. Siku ya kura baraza zima lilikusanyika, wakubwa kwa wadogo, na makuhani wote waliokuwapo kijijini waliketishwa ndani ya ukumbi asiachwe hata mmoja. Kuhani mzee kuliko wenziwe aliuinua mtungi watu wauone. Mtoto mdogo asiyejua kilichomo alitoa kifurushi kimoja, kikatiwa katika mtungi mwingine mtupu, kikatikiswa, kisha akatoa kipande kimoja. Mwamuzi alikipokea kwa kiganja kilichokunjuliwa, vidole vyote vitano wazi, ili pasiwe na mashaka kuwa ameficha kingine. Alikisoma kwa sauti, na makuhani wote wakakisoma baada yake. Hivyo walipatikana wajumbe 30: kumi na wawili wa kamati ya mwaka, kumi na wawili wa bustani, na sita wa ziwa. Walitumikia siku 360, na aliyeonekana na hatia aliondolewa mara moja.

Sheria hiyo yadhihirisha kwamba walioitunga waliijua vema tabia ya binadamu. Aliyewahi kuwa katika kamati asitoe hesabu hakuruhusiwa kuingizwa mtungini tena, wala si yeye peke yake: baba yake, mwanawe, ndugu zake, mjomba wake, mkwewe, shemeji yake, mpwawe, na watoto wa shangazi na wa mjomba wake, wote walizuiwa. Aliyetumikia karibuni alipaswa kupumzika miaka mitatu kabla ya jina lake kuandikwa tena. Waliojua kuwa mali ya umma hupotelea katika mikono ya jamaa waliuziba mlango huo mapema, wakakata maneno yao katika mwamba.

Basi je, huo ulikuwa utawala wa watu kwa ajili ya watu? Lugha yetu yenyewe yatuonya tusijibu upesi. Kura, neno tulilolipata kwa Waarabu, maana yake ya asili ni ile bahati inayotolewa, kama kijiti au jina lililofichwa. Na leo kwa neno hilohilo twataja kuhesabu matakwa ya watu. Watu wa Uthiramerur walipiga kura kwa maana ya kwanza. Hawakuhesabu sauti za wengi. Waliiachia bahati ichague miongoni mwa wachache waliokwisha kuchujwa. Na chujio lenyewe lilikuwa kali. Ilimpasa mtu awe na shamba linalolipiwa kodi, nyumba katika kiwanja chake mwenyewe, na elimu ya Veda. Wanawake hawakuingia. Wakulima na mafundi wasio Mabrahmani hawakuingia, wala wale waliohesabiwa kuwa najisi, ingawa ni jasho la watu kama hao lililolima mpunga na kuchimbua tope ziwani. Mtungi ulikuwa wa haki kwa waliomo, na waliokuwa nje yake hawakuwa na mtungi.

Jambo hili si la wataalamu tu. Bara Hindi lilipokuwa likitunga katiba yake, tarehe 4 Novemba 1948, B. R. Ambedkar, aliyezaliwa katika jamii iliyoitwa najisi, alisimama katika Bunge la Katiba akazikataa sifa zilizokuwa zikimiminwa juu ya vijiji vya kale. Kwake yeye kijiji kilikuwa shimo la ujinga na ubaguzi. Wengine waliona kuwa taifa lisilojengwa juu ya kijiji halina msingi. Mwishowe kifungu cha 40 cha katiba kiliiagiza serikali iunde mabaraza ya vijiji, lakini kwa miaka mingi agizo hilo lilitimizwa kwa unyonge. Ndipo marekebisho ya 73, yaliyopitishwa mwaka 1992 na kuanza kutumika 1993, yalipoyapa mabaraza hayo nguvu ya sheria, yakaweka theluthi ya viti, au zaidi, kwa wanawake, na viti kwa jamii zilizobaguliwa kwa kadiri ya idadi yao. Tarehe 10 Desemba 2020, Waziri Mkuu Narendra Modi alipoweka jiwe la msingi la jengo jipya la Bunge mjini New Delhi, aliitaja Uthiramerur kuwa ushahidi wa ukale wa demokrasia nchini mwake.

Ushahidi huo ni wa kweli ukisomwa wote. Asomaye habari za mtungi na hesabu peke yake atajivuna kupita kiasi, na asomaye habari za waliofungiwa nje peke yake atadharau hekima iliyotangulia. Ukuta wa Vaikuntha Perumal umezibeba habari zote mbili katika mistari ileile. Sheria ya 1993 ilichukua kutoka kijiji cha zamani wazo la baraza, ikalifungulia mlango kwa watu ambao wajumbe wa mwaka 921 hawakudhani kuwa majina yao yangeweza kuandikwa juu ya jani la mvumo.