Kama Warithi wa Mulopwe Wangalipatana

Ufalme wa Waluba ulianza kubomoka kutoka ndani. Mulopwe Kasongo Kalombo alipokufa, watu wa nyumba yake waligombea kiti. Wafanyabiashara wa Angola waliwauzia bunduki, wakilipwa watumwa. Wabelgiji wakakuta nchi imegawanyika: Kabongo akapatana nao, Kasongo Niembo akawapinga hata mwaka 1917.

Je, kama warithi wangalipatana? Wazungu wangalikuja vilevile: Msiri wa Bunkeya, ingawa alitawala peke yake, aliuawa nao mwaka 1891. Lakini watu wengi waliouzwa kwa ajili ya baruti wangalibaki kwa mama zao.

Basi, sisi tunaogombania urithi, tukumbuke: deni la ugomvi wa wakubwa hulipwa na wadogo.