Vitufe vya angani vinavyokagua mashine za kupimia chembechembe

Mkaguzi wa mizani sokoni hubeba jiwe la uzani uliothibitishwa. Akiliweka juu ya mizani ya mwenye duka, udanganyifu hujulikana papo hapo. Je, mashine inayopima ukubwa wa chembechembe za rangi, unga wa dawa au seli za damu hukaguliwa kwa jiwe gani?

Hukaguliwa kwa vitufe vya plastiki iitwayo polistirini, vilivyohifadhiwa katika kichupa cha maji. Vitufe hivyo vinalingana mno, na kipenyo chake kimekwisha kupimwa kwa njia nyingine. Fundi hutia matone machache mashinani, kisha hulinganisha tarakimu anayoipata na ile ya cheti. Zikihitilafiana kupita kiasi, matokeo ya mgonjwa au ya kiwanda hayafai kuaminiwa.

Kigezo mashuhuri zaidi cha aina hii hakikutengenezwa duniani. Vitufe vidogo sana havina taabu maabarani, lakini vinapokuzwa, nguvu za uvutano huviharibu: vikingali vichanga huelea, vikikomaa huzama, na vikikorogwa kwa nguvu hugandamana. Ndipo John Vanderhoff wa Chuo Kikuu cha Lehigh, Marekani, na wenzake wakaihamishia kazi hiyo angani. Mwaka wa 1983 chombo cha Challenger kilirejea na vitufe vya takriban maikromita 10, yaani sehemu moja kwa mia ya milimita; seli nyekundu ya damu ni ndogo kuliko hapo kidogo tu.

Shirika la viwango la Marekani, ambalo tangu 1988 huitwa NIST, lilivipima na kuanza kuviuza mwaka wa 1985 kwa jina la SRM 1960. Ilikuwa bidhaa ya kwanza kutengenezwa angani na kuuzwa. Kipenyo kilichothibitishwa ni maikromita 9.89. Kwa hiyo fundi anayeshangilia kuona 10 kamili amekosea kwa takriban asilimia moja.

Hata hivyo, chembe ya saruji si tufe. Mashine inaweza kufaulu mtihani wa vitufe na bado ikapotoka mbele ya chembe zenye pembe. Kwa sababu hiyo NIST pia hutoa saruji yenyewe iliyopimwa, SRM 114, iwe kigezo cha viwanda vya saruji.

Na kichupa sharti kitikiswe taratibu kabla ya kuchota, kwani hata vitufe vya angani, vikifika duniani, huzama.