Paka wa Sokoke: Mabaka ya Msitu, Nasaba ya Bahari

Paka wa Sokoke walioneshwa hadharani barani Ulaya kwa mara ya kwanza mwaka 1984, huko Denmark. Asili yao ilikuwa Pwani ya Kenya, ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, baina ya Kilifi na Malindi. Wakati huo walijulikana kwa jina la jumla tu, paka wa Afrika wa manyoya mafupi. Jina la Sokoke walipewa mwaka 1993, pale shirikisho la wafugaji wa paka liitwalo FIFe lilipowakubali kuwa mbegu inayojitegemea. Lakini walikuwa na jina kabla ya hayo yote. Wagiriama wa pande hizo walimwita kadzonzo, neno ambalo waandishi wa Ulaya hulifasiri kuwa ni mfano wa gome la mti.

Tashbihi hiyo ni bora kuliko ile ya wafugaji, ambao hupenda kumlinganisha na marumaru. Marumaru ni kitu baridi, kilichosuguliwa kikang'aa. Manyoya ya Sokoke hayako hivyo. Ni mafupi, yamelala juu ya ngozi, wala hayana sufi nyingi ya chini, kama imfaavyo mnyama wa nchi ya joto. Rangi yake ni ya kahawia, na ubavuni mabaka ya giza hujizungusha kama jicho la ubao. Kimtengacho na paka wengine wa mabaka ni jambo dogo linalomtaka mtu asogee karibu: hata ndani ya baka la giza mna nywele zenye mikanda, mweusi na wa manjano kwa zamu, hata baka likaonekana limenyunyiziwa vumbi. Ndivyo lilivyo gome. Mwili ni mwembamba wenye misuli, miguu ni mirefu, na ya nyuma hupita ya mbele kwa urefu, kwa hiyo mwendo wake ni wa mtu anyatiaye kwa ncha za vidole. Macho ni ya rangi ya kaharabu au ya kijani hafifu.

Aliyeanza kuwafuga kwa mpango alikuwa Jeni Slater, mkaazi wa pande hizo, aliyewaona mwishoni mwa miaka ya sabini. (Wapenda maneno watatabasamu: jina lake ndilo hilo hilo ambalo Kiswahili kimeipa chembe ya urithi.) Rafiki yake, Gloria Moeldrup, akawapeleka baadhi yao Denmark kwa kuhofia kwamba mbegu ingetoweka lau ingebaki mikononi mwa mtu mmoja. Huko ndiko kisa cha paka wa mwituni kilikoshika mizizi. Mnyama mwenye rangi ya msitu, aliyetoka msituni na kupewa jina la msitu, ilikuwa rahisi kumdhania kuwa ni zao la msitu wenyewe, paka-pori wa Afrika aliyekubali kukaa na watu. Kisa hicho ni kitamu, na sokoni kinauza. Ila ngozi yenyewe haikiungi mkono.

Rangi ya paka huandikwa na jeni kadhaa zinazofanya kazi kwa pamoja. Ipo inayoamuru unywele mmoja ubadili rangi unapokua, ukatokea na mikanda. Paka aliyerithi kasoro yake kwa wazazi wote wawili huwa mweusi mtupu. Jeni nyingine huamua ni wapi pawe giza na wapi pawe mwanga. Mwaka 2012 watafiti waliokuwa pamoja na Christopher Kaelin na Gregory Barsh waliitambua jeni hiyo, iitwayo Taqpep. Ikiwa nzima, paka hutokea na milia myembamba kama miiba ya samaki. Ikiwa na hitilafu, milia hupanuka, hupinda na kuungana, nayo ndiyo mabaka. Hitilafu hiyo ni ya kujificha: kitoto chenye nakala moja huzaliwa na milia kama kawaida, na hubeba siri ya mabaka bila kuionesha. Wakikutana wawili wenye siri moja, ndipo mabaka hujitokeza, wakati mwingine baada ya vizazi ambavyo hakuna aliyeyaona.

Utafiti huo huo uligundua kuwa jeni hiyo ndiyo humfanya duma mfalme. Duma huyu, mwenye mapana meusi mahali pa madoa, alitangazwa mwaka 1927 kuwa spishi mpya, kwa ushahidi wa ngozi tu. Ilipofika mwaka 1981, watoto wa aina hiyo wakazaliwa Afrika Kusini na duma wa kawaida, mbele ya macho ya watunzaji wao. Ngozi ilikuwa imewahadaa wasomi.

Kwa paka wa Sokoke, jibu lilikuja kwa njia mbili. Mwaka 2008 Leslie Lyons na wenzake walilinganisha damu za mbegu 22 za paka na za paka wasio na mbegu kutoka nchi nyingi. Sokoke akaangukia upande wa Asia, na jamaa zake wa karibu wakawa ni paka wa mitaani wa Pwani ya Kenya, pamoja na wale wa Lamu na Pate. Kisha mwaka 2017 kikatoka kazi ya Claudio Ottoni na Eva-Maria Geigl, waliochunguza mabaki ya paka wa kale zaidi ya 200. Hitilafu ya mabaka haikuonekana kabla ya karne ya 14, na ilipoonekana mara ya kwanza ilikuwa katika ardhi ya Uturuki ya leo. Kwa hiyo vazi linaloitwa la msitu lina dalili zote za kuwa limevuka maji.

Na hakuna ajabu. Panya weusi wa Asia wamethibitishwa katika mabaki ya Unguja Ukuu ya karne ya 7 na ya 8, na penye panya shehenani, nahodha mwenye akili humtaka paka. Wala msitu wa Sokoke haukuwa mbali na biashara hiyo. Gede, mji wa Waswahili uliohamwa katika karne ya 17, umezungukwa na miti ya ukanda huo huo, na humo vimefukuliwa vigae vya kauri za China. Watu walipoondoka, paka si lazima waliondoka nao. Hapa ijulikane kwamba paka asiitwe shahidi katika kesi ile kongwe ya Waswahili, watu wa bara au watu wa bahari. Yeye alipanda chombo kwa ajili ya panya.

Siri nyingine ilijitokeza Ulaya, katika ndama za mbegu yenyewe, kwa kuwa wazazi wa mwanzo walikuwa wachache na waliozaa wao kwa wao. Palizaliwa vitoto vyeusi vitupu, na vingine vyeupe kama tui, vyenye giza usoni, masikioni, miguuni na mkiani. Hivyo vya mwisho vina hitilafu iliyo mashuhuri kwa paka wa Siam: rangi haitengenezwi penye joto la mwili, hutengenezwa pembezoni palipo baridi. Wafugaji huviita paka wa theluji, na kanuni za maonyesho haziwakubali. Wa kukubaliwa ni wa kahawia wenye mabaka.

Uchache huo wa damu ndio uliowarudisha wafugaji Pwani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 paka wengine walitafutwa karibu na Watamu, wakasafirishwa Ulaya na Marekani, na kuingizwa katika daftari la nasaba ili kuitia mbegu nguvu. Mama zao na ndugu zao walibaki walipokuwa, chini ya minazi, bila daftari.