Tetemeko la Rukwa la Mwaka 1910 na Kumbukumbu Yake Katika Nchi ya Mbozi

Kata ya Nanyala imo katika wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe, kati ya mji wa Mbeya na mpaka wa Tunduma. Msafiri apitaye huko huona mashamba ya mahindi na ya kahawa, na nyumba za matofali ya kuchoma zilizoezekwa kwa bati. Wala haoni jambo la kumtia hofu juu ya ardhi aikanyagayo. Mitetemeko midogo husikika mara moja moja katika sehemu hizi: vyombo hugongana kabatini, mbwa hubweka, kisha hali hurudi kama ilivyokuwa. Kwa sababu hiyo wengi hulihesabu tetemeko kubwa kuwa ni balaa la nchi za mbali. Walakini historia haikubaliani nao.

Tarehe 13 Desemba, 1910, mchana, ardhi ya pembe ya kusini-magharibi ya iliyokuwa Afrika ya Mashariki ya Wadachi ilitikisika kwa nguvu ambayo haikupata kuzidiwa na tetemeko lolote lililopimwa katika Afrika ya Mashariki kwa karne nzima ya ishirini. Kipimo cha Charles Richter hakikuwako bado, maana kilitungwa mwaka 1935. Lakini mitambo ya kunasa mitetemeko ilikuwa imekwisha kuwekwa katika nchi kadhaa za dunia, na kwa alama zake wataalamu wa baadaye walikadiria ukubwa wa tetemeko hilo kuwa 7.4. Mwaka 1991 Nicholas Ambraseys, mtaalamu wa Imperial College ya London, alichapisha uchunguzi wake juu ya tukio hilo, akiwa amekusanya taarifa zilizoandikwa siku zile. Kitovu chake kilikuwa upande wa Rukwa na kusini ya ziwa Tanganyika, ambako Wadachi walikuwa na boma lao la Bismarckburg, mahali paitwapo Kasanga. Wachunguzi wa miamba waliofuata wamelihusisha na ufa mrefu wa Kanda, unaopita katika nyanda za juu za Ufipa.

Sababu ya tetemeko hilo si fumbo. Bara la Afrika linapasuka polepole upande wake wa mashariki, na mpasuko huo ndio uitwao Bonde la Ufa. Tawi lake la magharibi hushuka kutoka ziwa Albert, likafuata ziwa Tanganyika na Rukwa, kisha likaendelea hadi ziwa Nyasa. Mbeya na Mbozi zimekaa karibu na mahali ambapo bonde la Rukwa, bonde la Usangu na bonde la Nyasa hukutana, chini ya milima ya moto ya Rungwe. Chemchemi za maji ya moto za Songwe ni shahidi wa jambo hilo. Maji hupanda kutoka chini kwa njia ya nyufa, nayo yameacha juu ya ardhi tabaka nene za mawe ya chokaa. Hivyo ufa uletao tetemeko ndio uletao chokaa pia, na watu wa bonde hilo wanaishi kwa faida na kwa hatari ya kitu kimoja.

Yafaa kuuliza, basi, kwa nini tukio kubwa namna hiyo halina nafasi katika historia kama ilivyo Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, vilivyolitangulia kwa miaka michache tu. Jibu la kwanza limo katika namna ya ushahidi wenyewe. Taarifa zilizobaki ziliandikwa na maofisa, wamisionari na wafanya biashara wa Kizungu, nazo hueleza zaidi yale yaliyopata majengo ya namna yao: kuta za mawe na za matofali zilizopasuka. Lakini idadi kubwa ya watu wa Ufipa na Unyiha wakati huo walilala katika nyumba za miti na udongo zilizoezekwa nyasi. Nyumba ya namna hiyo hunesa pamoja na ardhi. Na hata ikianguka, haina uzito wa kumwua mtu kwa urahisi. Kwa hiyo historia ya tetemeko la 1910, kama tulivyoipokea, kwa sehemu kubwa ni historia ya kuta, wala si historia ya watu.

Jibu la pili ni kwamba kumbukumbu hufunikwa na kumbukumbu nyingine. Haikupita miaka minne kabla ya Vita Kuu kuwaka, na mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini ukawa uwanja wa mapigano. Wanaume walichukuliwa kuwa wapagazi, vyakula vilitwaliwa, na tarehe 25 Novemba, 1918, von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala. Papo hapo maradhi ya homa ya mafua yakaenea duniani kote. Mzee aliyetaka kuwahesabia wajukuu wake miaka ya taabu alikuwa na mambo mengi ya kusimulia, na mtikisiko uliopita bila kuacha makaburi mengi haukuwa wa kwanza katika hesabu yake.

Lugha nayo ina sehemu yake katika shauri hili. Kiswahili kina neno zilizala, lililotoka katika Kiarabu, ambalo msikilizaji wa pwani hulihusisha mara moja na sura ya Kurani yenye jina hilo na habari za Siku ya Mwisho. Neno litumikalo zaidi, tetemeko, lina shina moja na kutetemeka kwa baridi, kwa homa au kwa hofu. Laipa ardhi mwili wa mtu. Neno la kwanza lafanya tukio kuwa ishara ya mwisho wa dunia, na la pili lalifanya kuwa ugonjwa wa kupita. Hakuna hata moja kati ya hayo mawili linalosema kwamba jambo hilo lilitokea hapa na litatokea tena. Neno lenye maana hiyo ni ufa, na Waswahili wamekwisha kuonya ya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta.

Onyo hilo si la mafumbo tu. Tarehe 10 Septemba, 2016, tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 lilipiga mkoa wa Kagera, mahali ambapo wengi hawakulitazamia. Nguvu iliyotoka katika tetemeko la 1910 ilikuwa zaidi ya mara 100 ya hiyo. Hata hivyo Kagera walikufa watu wasiopungua 17, nyumba nyingi zilibomoka, na shule za Ihungo na Nyakato zikafungwa kwa kuharibika. Kabla ya hapo, katika Desemba ya mwaka 2009, wilaya ya Karonga katika Malawi ilitikiswa mara kwa mara kwa majuma kadhaa, hata watu wakalala nje. Tofauti kati ya 1910 na siku zetu haimo chini ya ardhi, imo juu yake. Tofali la kuchoma, ambalo zamani lilikuwa alama ya boma na misheni, sasa ni la kila mtu, nalo mara nyingi hujengwa kwa udongo mtupu bila nguzo wala mkanda wa zege.

Waliotikiswa mwaka 1910 wamekwisha kufa wote. Kilichobaki ni masimulizi yaliyorithiwa na wajukuu, majina ya mahali, na maneno ya Kinyiha, Kisafwa na Kifipa yatajayo kutikisika kwa nchi. Mambo hayo yanastahili kukusanywa kwa uangalifu uleule unaotumika katika kukusanya tenzi na methali. Mwenye kuyakusanya atawapa wanahistoria ushahidi usiokuwamo katika majalada ya Wadachi, naye atampa fundi wa Nanyala sababu ya kusimama kidogo kabla ya kupandisha ukuta wake.